Stata Inazungusha, Gari Haliwaki

Unapiga funguo asubuhi, stata inaitika, injini inazunguka vizuri, lakini haishiki. Unarudia. Harufu ya petroli inaanza kusikika, betri inaanza kuchoka, na ushauri unaanza kumiminika: jirani anasema ni pampu, mpita njia anasema plagi, fundi uliyempigia simu anasema tafuta distribyuta kabisa. Huenda kila mmoja wao aliwahi kuona gari likipona kwa dawa anayoitaja. Lakini gari lako bado halijapimwa, na pesa nyingi za wenye magari ya zamani hupotelea hapo hapo, kwenye vipuri vya kubahatisha. Nimeona pampu ikibadilishwa, kisha plagi, kisha koili, na mwisho wa yote kosa likawa waya wa ethi ulioliwa na kutu.

Kwa hiyo neno langu ni moja: usinunue kitu chochote kabla hujajua injini imenyimwa nini. Injini ya petroli haiombi mengi ili iwake. Inataka petroli iliyochanganyika na hewa, inataka moto wa plagi, inataka silinda zinazobana hewa sawasawa, na inataka hivyo vyote vifike kwa wakati wake. Ikikosa kimoja, haiwaki. Kazi yako ni kutafuta kilichokosekana, na kwa gari la zamani kazi hiyo haihitaji kompyuta. Inahitaji masikio, pua, testa ya taa, mita ya umeme ya bei rahisi, plagi moja ya akiba, na mtu wa kukushikia funguo.

Nitatumia mfano wa Toyota Corolla AE100, gari lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1991 na ambalo bado linahesabiwa kuwa zima barabarani kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Injini yake ni 5A-FE ya lita 1.5, silinda nne, mkanda wa taimingi, distribyuta moja inayogawa moto kwa plagi, na injekta nne. Ndugu zake wengi, zikiwemo Corolla 110 na Carina za miaka hiyo, wanafuata mpango ule ule kwa tofauti ndogo. Dizeli ina habari zake tofauti na sitaigusa hapa.

Sikiliza kabla ya kufungua boneti

Mlio wa stata unasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Injini nzima inapozungushwa hutoa mlio wenye mapigo: inabana, inaachia, inabana, inaachia, kwa vipimo sawa. Kila pigo ni silinda moja inayokandamiza hewa. Mlio huo ukiwa wa mbio, laini, usio na mapigo hata kidogo, kana kwamba injini imekuwa nyepesi ghafla, acha kupiga stata papo hapo. Hiyo mara nyingi ni dalili ya mkanda wa taimingi uliokatika, na kwa injini nyingi kuendelea kuzungusha ni kuongeza hasara. Ukisikia mapigo matatu mazito na moja jepesi, kuna silinda iliyopoteza nguvu, ingawa hilo peke yake kwa kawaida halizuii gari kuwaka.

Mapigo yakiwa mazito na ya taratibu, anza na betri. Weka mita kwenye nguzo zake. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6 ikiwa imetulia. Mwenzako apige stata nawe uangalie: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri imechoka. Stata inaweza kuendelea kuzungusha kwa umeme huo mdogo huku koili na kontroli boksi (ubongo wa injini) zikikosa wa kutosha kufanya kazi yao. Watu wengi hawaamini hili. Wanasema, "Si inazungusha?" Ndiyo, inazungusha, lakini hakuna moto. Chukua umeme wa gari lingine kwa nyaya za kuazima kabla ya kufungua chochote.

Dalili nyingine ni lini injini inajaribu kushika. Kuna gari linaloshika ukiwa bado umeshikilia funguo, ukiachia tu linazima. Hilo linakuelekeza kwenye swichi ya funguo au kwenye relei ya pampu, kwa sababu umeme unaopita wakati wa kupiga stata na ule unaopita swichi ikirudi kwenye ON hufuata njia tofauti. Na kuna linalotaka kushika sekunde ile ile unayoachia funguo. Kwa hilo, shuku betri dhaifu, au swichi isiyopeleka umeme kwenye moto wakati wa kuzungusha.

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Ipumzishe nusu dakika au zaidi, kisha rudia. Stata huungua kwa kukosa pumziko, nawe utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Mambo ya bure kwanza

Washa swichi hadi ON bila kupiga stata, utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka wakati taa nyingine zinawaka, huenda kontroli boksi haipati umeme, nawe usihangaike na plagi wala pampu. Nenda kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya boneti, utafute fyuzi iliyoandikwa EFI, ya ampia 15. Itoe, itazame, na uipime kwa testa pande zote mbili, maana fyuzi inaweza kuonekana nzima machoni na kumbe imekatika pale panapofichwa na plastiki. Kama ni nzima, relei kuu ya EFI iko jirani yake. Mara nyingi ipo relei nyingine ya aina hiyo hiyo kwenye kisanduku. Zibadilishane nafasi, ukihakikisha kwanza kuwa miguu na maandishi yake vinalingana, uone kama taa itawaka.

Kisha jiulize gari lilifanyiwa nini mara ya mwisho kabla ya kugoma. Swali hili linatatua kesi nyingi. Kama injini ilioshwa jana kwa mashine ya maji, distribyuta huenda ina maji. Kama lilikuwa kwenye sevisi, waya za plagi huenda zimerudishwa kwa mpangilio usio wake. Kwa injini hii moto hupigwa silinda ya 1, ya 3, ya 4, kisha ya 2, na silinda ya 1 ni ile iliyo upande wa mikanda. Kama lilikaa wiki kadhaa bila kutembea, fungua boneti utafute vinyesi vya panya na nyaya zilizotafunwa. Na kama limejazwa mafuta kwenye kituo usichokizoea kilomita chache kabla ya kuzima, weka alama ya kuuliza kwenye petroli hiyo.

Usiusahau mfumo wa ulinzi. Corolla nyingi za umri huu zilitoka Japani bila ufunguo wenye chipu, lakini zilipofika kwetu zikafungwa alamu, swichi ya siri ya kukata umeme, au kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa na mkopeshaji. Vyote hivyo hukata waya wa pampu au wa moto na kuunganishwa kwa kusokota na utepe. Baada ya miaka kumi kiungo hicho hupata joto, kikalegea, kikaacha kupitisha umeme. Ukiona chini ya usukani kuna rundo la nyaya za rangi zisizofanana na za kiwandani, anzia hapo.

Kwa wakazi wa pwani kuna la ziada. Hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa na Unguja hula viungo vya ethi kuliko bara. Tazama waya mnene unaotoka hasi ya betri hadi kwenye bodi na kwenye injini. Unga mweupe au wa kijani kwenye boliti unatosha kukuonyesha mahali pa kufungua, kukwangua kwa msasa, na kufunga upya.

Moto

Nashauri kupima moto kabla ya mafuta kwa sababu jibu lake huonekana kwa macho. Chukua ile plagi ya akiba. Chomoa waya mmoja wa plagi kwenye injini, uchomeke kwenye plagi ya akiba, kisha ulaze mwili wa chuma wa plagi hiyo kwenye chuma kisichopakwa rangi cha injini, mbali na mahali penye petroli. Ifunge kwa waya au uibane kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Usiishike kwa mkono: umeme wa plagi ni maelfu ya volti, na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asikaribie kabisa zoezi hili. Wala usiache waya wa plagi ukining'inia bila ethi huku stata inazungushwa, kwa maana umeme usiopata pa kwenda unaweza kuua koili au igniti, kifaa kinachoiwasha na kuizima koili.

Kabla ya kuzungusha, chomoa soketi za injekta zote nne ili silinda zisijae petroli. Hapa wengi hukosea: wanachomoa fyuzi ya EFI wakidhani wamezuia mafuta tu. Fyuzi hiyo ndiyo inayolisha kontroli boksi, nayo ndiyo inayoamuru moto. Ukiichomoa utaona hakuna moto, ukaamini umegundua ugonjwa, kumbe umeutengeneza mwenyewe.

Sasa kaa kivulini au funika eneo kwa kitambaa, mwenzako apige stata. Moto mzuri ni wa buluu, mnene, unaotoa mlio wa kukatika katika. Moto wa njano au mwekundu, mwembamba, unaoruka na kukosa, ni dhaifu. Unaweza kuonekana hewani na ukashindwa ndani ya silinda ambako hewa imebanwa. Jaribu waya zote nne. Waya mmoja ukikosa, kosa ni la waya huo au la mdomo wake kwenye kepu ya distribyuta. Zote nne zikikosa, rudi nyuma hadi kwenye distribyuta.

Fungua kepu. Kazi hii inastahili dakika zako. Igeuze uitazame ndani kwa mwanga mzuri: vile vidomo vinne vya chuma vinatakiwa kuwa na rangi ya kawaida, bila unga mwingi mweupe. Tafuta ufa mwembamba kama unywele, au mstari mweusi unaotambaa kutoka kidomo kimoja hadi kingine. Mstari huo ni njia ya mkaa ambayo umeme umejichorea, na kepu ya namna hiyo haifutiki ikapona, hununuliwa nyingine. Kama koili ya gari lako iko nje ya distribyuta, kidude cha kaboni katikati ya kepu kinatakiwa kuchungulia na kurudi ukikibonyeza. Unyevu ukiwepo, futa kwa kitambaa kikavu, pulizia dawa ya kufukuza maji, acha wazi juani robo saa. Wakati wa masika hilo peke yake huamsha magari mengi.

Kepu ikiwa imefunguliwa, mwambie mwenzako apige stata kidogo huku ukiitazama rota iliyo ndani ya distribyuta. Inatakiwa kuzunguka. Ikisimama tuli huku injini inazunguka, umepata jibu bila kufungua kitu kingine: distribyuta huendeshwa na kamshafti, na kamshafti huendeshwa na mkanda wa taimingi. Rota isiyozunguka maana yake ni mkanda umekatika au umevuliwa meno. Hakuna kipimo kingine cha bure kinachotoa jibu kubwa namna hii, nami nashangaa jinsi kinavyosahaulika.

Rota ikizunguka na bado hakuna moto, pima kama koili inapata volti 12 swichi ikiwa ON. Zikikosekana, fuata waya kurudi kwenye fyuzi na swichi. Zikiwepo, weka testa kwenye upande wa hasi wa koili na upige stata: taa inatakiwa kupepesa. Ikipepesa na hakuna moto, koili yenyewe ndiyo mtuhumiwa. Isipopepesa, koili haiamrishwi, na tatizo liko kwenye igniti, kwenye sensa zilizomo ndani ya distribyuta, au kwenye nyaya kati yake. Gari lenye mita ya RPM hukupa kidokezo hicho bila testa: mshale ukitikisika wakati wa kuzungusha, amri ya moto inafika; ukilala kabisa kwenye sifuri, huenda haifiki.

Mafuta

Kama moto ni mzuri, rudisha kila kitu mahali pake, kisha jaribu hivi: puliza dawa ya kuwashia, au ile ya kopo ya kusafishia kabureta, sekunde moja tu kwenye bomba la hewa, rudisha bomba, ondoa kopo na mikono, piga stata. Injini ikishika kwa sekunde mbili tatu na kuzima, umeshajua: moto upo, kompresheni ipo, petroli haifiki. Ninakusihi usimimine petroli kwa kifuniko cha chupa kwenye mdomo wa injini kama inavyofanyika mara kwa mara. Injini ikipiga chafya kwa nyuma, moto utakurudia usoni. Kizima moto kiwe karibu, na hakuna sigara.

Sasa pampu. Watu hukaa kimya swichi ikiwa ON wakisubiri kusikia pampu ikinguruma, wasiposikia wanaihukumu. Kwenye Toyota nyingi za enzi hizi pampu hailii ukiwasha ON tu. Hupata umeme wakati stata inazungushwa, kisha huendelea pale kontroli boksi inapoona injini inazunguka. Ukimya wake kwenye ON hauna maana yoyote.

Njia ya uhakika iko kwenye kisanduku kidogo cha plastiki chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, ndani yake kuna ramani ya matundu. Unganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, washa ON, kisha kainamie kiti cha nyuma au ufungue kifuniko cha tangi. Pampu nzima itavuma mfululizo, na ukishika mpira wa mafuta karibu na injini utausikia umekakamaa na kutetemeka. Kuwa mwangalifu na matundu ya jirani, usiunganishe kwa kubahatisha.

Pampu ikivuma kwa waya huo lakini haivumi ukipiga stata, usiinunue. Ni nzima. Tafuta relei yake, ambayo kwa kawaida hujificha ndani ya gari upande wa dashibodi, au nyaya zinazoiamrisha. Isipovuma hata kwa waya, pima kama umeme unafika kwenye soketi yake juu ya tangi. Umeme ukifika na ethi ni nzuri, hapo ndipo pampu imekufa kweli. Kugonga tangi kwa chini kwa mpini wa mti huku mwenzako anapiga stata kunaweza kuiamsha ikufikishe gereji, lakini itakuacha tena, na huwezi kuchagua wapi.

Pampu hizi hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe inayozizunguka. Anayezoea kuweka mafuta ya kufika tu, mshale ukilala kwenye E kila siku, anaifanyisha pampu kazi kwenye joto na kuivutisha uchafu wa sakafu ya tangi. Robo tangi ni akiba ya pampu kuliko ilivyo akiba ya safari. Na geji ya gari la miaka thelathini usiiamini sana: kabla ya kupima lolote, mimina lita tano.

Pampu ikivuma na injini bado kavu, filta ya mafuta huenda imeziba. Presha inayotakiwa kwa injini hizi ni kati ya psi 38 na 44. Kama huna geji, fundi mwenye nayo atakupimia kwa dakika chache. Baada ya hapo zimebaki injekta. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injekta na mpini sikioni huku stata inazungushwa. Mlio wa tik-tik maana yake inaamrishwa. Zote nne zikiwa kimya kwa pamoja, haiwezekani zimekufa siku moja. Kuna amri isiyofika, nawe urudi kwenye umeme.

Upande wa pili ni mafuta kuzidi. Chomoa plagi: zikiwa zimelowa petroli na kunuka, silinda zimezama. Zikaushe, acha mashimo wazi dakika chache, piga stata kidogo bila plagi huku injekta na koili zikiwa zimekatiwa umeme, kisha rudisha na ujaribu huku umekanyaga mafuta hadi chini bila kupampu. Petroli nyingi husafisha oili kwenye kuta za silinda na kompresheni hushuka. Kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye kila tundu la plagi huirudisha kwa muda. Gari likiwaka litafuka moshi, usishtuke. Linalozama kila asubuhi lina sababu yake, na sensa ya joto la maji ni ya kwanza kushukiwa.

Kuhusu petroli yenyewe, uchakachuaji kwa mafuta ya taa si hadithi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyo, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa nia ile ile. Chota kidogo kwenye glasi safi, uiache dakika kumi. Maji hutuama chini kwa mstari unaoonekana. Tone la petroli safi juu ya karatasi nyeupe hukauka upesi bila kuacha doa la mafuta. Lenye mafuta ya taa huchelewa na huacha alama.

Kwa gari la kabureta mambo ni mafupi zaidi. Ondoa filta ya hewa, tazama kooni mwa kabureta, mwenzako akanyage mafuta mara moja. Utaona mchirizi wa petroli. Usipouona, huenda bakuli la kabureta ni tupu. Na kama lina pointi ndani ya distribyuta badala ya igniti, zisafishe kwa msasa laini na uache nafasi kama milimita 0.4 zikifunguka hadi mwisho.

Gari likujibu lenyewe

Kisanduku kile kile cha DIAGNOSIS kina huduma nyingine ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuambiwa. Piga stata sekunde chache, rudisha swichi ON bila kuzima. Unganisha tundu la TE1 na E1. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa kasi moja bila kupumzika, kontroli boksi haijaona hitilafu. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: mara moja, kimya kidogo, mara mbili, hiyo ni 12.

Namba 12 husema kontroli boksi haikupata habari kwamba injini inazunguka, yaani sensa za ndani ya distribyuta au nyaya zake. Namba 14 husema haikupata jibu kutoka kwenye igniti baada ya kuamrisha moto. Hii 14 ina ujanja wake: kontroli boksi ikikosa jibu hilo hukata na mafuta pia, ili petroli isiyochomwa isimwagike kwenye ekzosi. Ndiyo maana kosa la igniti hujifanya kosa la mafuta, na pampu nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa inayopima hewa inayoingia. Namba 43 ikionekana kabla hujapiga stata usiijali.

Mkanda na kompresheni

Kama moto upo, mafuta yapo, na injini bado inakataa au inapiga mlipuko kwenye bomba la hewa, shuku taimingi. Mkanda unaweza kuruka meno mawili matatu bila kukatika, na rota ikaendelea kuzunguka huku vali zikifunguka mapema au kwa kuchelewa. Hapa hufunguliwa kava ya juu na kulinganisha alama ya pulii ya chini na ya kamshafti. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mwachie fundi. Habari njema ni kwamba injini za 4A-FE na 5A-FE zimeundwa hivi kwamba mkanda ukikatika pistoni hazigongi vali; mkanda mpya, na kwa kawaida safari inaendelea. Injini nyingine nyingi hazina huruma hiyo. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama huijui historia ya gari ulilonunua, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kipimo cha kompresheni hufanywa plagi zote zikiwa nje, injekta na koili zikiwa zimekatiwa umeme, betri ikiwa na nguvu na mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini. Kwa familia hii ya injini, nzima kabisa husoma karibu psi 190, chini ya 142 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14 hivi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua katikati yake. Zote zikiwa chini sawasawa kwenye gari lililokuwa likitembea vizuri jana, rudi kwenye mkanda.

Linalogoma likiwa la moto

Kuna gari linalowaka vizuri asubuhi, likazima kwenye foleni ya mchana, likakataa kabisa, kisha likapoa na kuwaka kana kwamba halikuwa na neno. Igniti, koili na sensa za distribyuta ndizo hufa kwa joto na kufufuka kwa baridi, na relei za zamani pia. Ukilipeleka gereji likiwa limepoa, fundi hataona kitu, ataanza kubahatisha. Kaa na plagi ya akiba na testa ndani ya gari, upime moto pale pale barabarani likiwa limegoma, ukiwa umelisogeza pembeni na pembetatu imewekwa. Dakika tano za wakati huo zina thamani kuliko siku nzima gereji.

Kuzungumza na fundi, na kununua

Ukishapima, mazungumzo na fundi hubadilika. Badala ya "Fundi, gari haliwaki," mwambie: "Fundi, moto upo kwenye waya zote nne, lakini pampu haivumi hata nikiunganisha +B na FP." Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia nusu ya kazi. Na akitaka kubadilisha kitu, muulize kwa heshima: "Fundi, naomba unionyeshe ulivyokipima." Hakuna ubaya katika ombi hilo, na kazi ni yako wewe unayelipa.

Ukienda kununua, uwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, chukua kifaa kibovu mkononi. Distribyuta za miaka hii zinafanana kwa sura na kutofautiana kwa soketi na idadi ya nyaya. Linganisha namba iliyochongwa ubavuni. Shika shafti yake uitikise: isichezecheze pembeni. Kwa igniti na koili, binafsi naona bora kilichotumika cha asili kilichotoka Japani kuliko kipya cha kuiga, mradi muuzaji akubali kurudishiwa. Kwa kepu, rota, plagi na waya, nunua vipya. Vifaa vya umeme maduka mengi hayavipokei tena yakishaviuza, kwa hiyo kubalianeni na muuzaji kifungwe na kujaribiwa kabla hujaondoka, au iandikwe kwenye risiti.

Gari likishawaka, futa namba za hitilafu: zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde kumi au zaidi, irudishe. Tembea nalo siku mbili tatu, kisha unganisha tena TE1 na E1. Taa ikipepesa mfululizo, kazi imekamilika. Ile 14 ikirejea wakati igniti ni mpya, fungua soketi yake kabla ya kuirudisha dukani: mara nyingi utakuta pini moja imerudi nyuma au imeota kutu.